Kabla ya Kushika Spana

Kijiko kinachimba vizuri asubuhi, halafu jua likikolea mkono wake unaanza kwenda taratibu. Ubishi unaofuata unajulikana katika kila machimbo na kila mradi wa barabara. Dereva anasema pampu imekwisha. Mwenye mtambo anaanza kuhesabu fedha, maana pampu kuu ya kijiko cha tani 35 ni kipuri cha maelfu ya dola. Fundi aliyezoea kubadilisha vifaa mpaka tatizo liondoke ataanza na pampu hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo inayolaumiwa. Fundi aliyesomea kazi huanza na swali: mkono umepungua kasi, au umepungua nguvu? Kasi ya silinda hutokana na wingi wa mafuta yanayoifikia kwa dakika. Nguvu yake hutokana na presha ya mafuta hayo. Mkono unaokwenda polepole lakini unainua mzigo uleule wa jana unakosa mtiririko. Mkono unaokwenda upesi ukiwa mtupu na kushindwa ukibeba unakosa presha, na hapo valvu inayoachia presha ikizidi inastahili kushukiwa mapema kuliko pampu. Halafu liko suala la saa. Mbona asubuhi hapakuwa na shida? Mafuta ya haidroliki yakipata joto huwa mepesi, na yakiwa mepesi hupenya kirahisi kwenye nafasi finyu za pampu iliyolika, au za mota, au kwenye sili ya pistoni iliyochoka. Uvujaji huo uko ndani. Hakuna tone hata moja linaloanguka chini. Njia ya kuujua ni kuupima: bomba dogo linalorudisha mafuta kutoka kwenye ganda la pampu kwenda kwenye tangi hufunguliwa, mita ya mtiririko hufungwa hapo, na kiasi kinachopita hulinganishwa na kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kipimo hicho huchukua muda mfupi kuliko kushusha pampu, na kinaweza kuonyesha kwamba pampu ni nzima.

Katika sura hii nitatetea jambo moja: miaka miwili ya chuo katika fani ya matengenezo ya mitambo mizito ina thamani kwa sababu inamfundisha mtu kupanga mawazo yake kabla hajafungua boliti, na ujuzi huo hauji wenyewe kwa kukaa karakanani muda mrefu. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi wanaiona fani hii kuwa kimbilio la waliokosa nafasi ya chuo kikuu. Wengine, na hasa mafundi wenyewe, wanaona chuo kinamla mtu muda ambao angekuwa tayari anapata ujira. Makundi hayo mawili hayapatani katika mambo mengi, ila yamekutana kwenye kosa moja: yote yanadhani kazi ya fundi imekaa mikononi.

Nitaitumia Marekani kama mfano mkuu, kwa sababu huko ndiko fani hii imepata umbo la shahada kamili ya miaka miwili na imekaa nalo muda wa kutosha kupimwa. Shahada hizo hutolewa zaidi na vyuo vya jamii, vyuo vya umma ambavyo mkongwe wao, Joliet Junior College cha Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901. Mwanafunzi hukusanya krediti 60 na zaidi, na sehemu yake ni masomo ya jumla: hisabati, uandishi, fizikia, mawasiliano. Zilizobaki ni injini za dizeli, haidroliki, umeme na elektroniki, mifumo ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu au minyororo, breki, viyoyozi, na juu ya yote somo la kutafuta chanzo cha hitilafu. Chuo cha Pennsylvania College of Technology mjini Williamsport kinafundisha hivyo. Ferris State University cha Big Rapids, Michigan, kinafundisha hivyo pia na kumruhusu anayetaka kuendelea hadi shahada ya kwanza. Mpango unaotajwa zaidi ni ule wa Caterpillar uitwao ThinkBIG, ambao mojawapo ya makao yake ni Illinois Central College, East Peoria, mji uliotengeneza tingatinga za minyororo kwa vizazi kadhaa. Mwanafunzi wa mpango huo hudhaminiwa na wakala wa kampuni. Hukaa darasani na kwenye karakana ya chuo kwa wiki nane hivi, kisha huenda kwa wakala wake kufanya kazi ya malipo kwa muda kama huo, na kurudi tena darasani, mpaka miaka miwili iishe. John Deere nayo ina mpango wa namna hiyohiyo katika vyuo kadhaa. Kupishana huko kwa darasa na kazi ndiko ninakokuona kuwa na hekima kubwa kuliko vyote, kwa sababu kijana anarudi chuoni akiwa na maswali ambayo hakuna mwalimu angeweza kumtungia.

Umeme unaonyesha vizuri zaidi kwa nini darasa linahitajika. Mtambo wa leo una kompyuta kadhaa: moja ya injini, moja ya gia boksi, moja ya haidroliki, moja ya dashibodi. Zinapashana habari kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao J1939 uliotungwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari na mitambo. Kila ncha ya waya hizo ina rezista ya omu 120. Mtambo ukizimwa na mita ikawekwa kati ya waya hizo mbili, inapaswa kusoma omu 60, kwa kuwa rezista mbili zilizo sambamba hupunguza ukinzani hadi nusu. Mita ikisoma 120, rezista moja haipo au waya umekatika mahali fulani. Ikikaribia sifuri, waya mbili zimegusana. Kipimo kimoja cha nusu dakika kinamwambia fundi aelekee wapi kabla hajafungua hata paneli moja. Lakini asiyejua kwa nini ni 60 hawezi kukitumia. Atakariri namba, na siku atakapokuta 58 au 63 hatajua kama aendelee au asimame. Kanuni ya Ohm inafundishwa sekondari kwa mistari michache. Chuoni inarudiwa kwa majuma, kwenye mbao zenye taa na swichi, kisha kwenye mtambo wenyewe, mpaka mwanafunzi aweze kusema kabla ya kupima anatarajia kuona volti ngapi na akiona pungufu atashuku nini. Mwenye matarajio kabla ya kipimo anafanya uchunguzi. Asiye nayo anatazama namba tu.

Sasa pingamizi la kwanza, ambalo naliheshimu kuliko mengine. Wako mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Grogan jijini Nairobi na wa Katwe jijini Kampala ambao hawakuingia darasa lolote la ufundi, na wanafufua injini zilizokatiwa tamaa. Wanasikiliza mlio na kusema beringi ipi imeanza kulia. Wanagusa bomba na kujua kichujio kimeziba. Je, hawa si ushahidi kwamba chuo hakihitajiki? Ni ushahidi wa jambo jingine, nalo ni kubwa: akili ya kutafuta hitilafu inaweza kujengwa bila cheti. Ila tutazame imejengwa juu ya nini na kwa gharama ya nani. Fundi huyo alijifunza kwenye mashine ambazo ubovu wake ulikuwa na sauti, harufu, moshi au joto. Pampu ya nozeli ya zamani ilikuwa chuma kitupu. Ungeweza kuifungua, kuiona na kuielewa. Injini ya sasa yenye mfumo wa reli moja ya mafuta husukuma dizeli kwenye nozeli kwa zaidi ya bar 2,000, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Ikikosea kidogo hakuna mlio mpya, hakuna harufu mpya. Mtambo unakosa nguvu tu. Hisia za mikono na masikio, zilizochukua miaka 20 kukomaa, hazina pa kushika. Kuhusu gharama, kila fundi aliyejifunza kwa kujaribu alilipiwa ada na mtu fulani: mwenye gari ambaye gia boksi lake lilifungwa vibaya mara ya kwanza, mwenye trekta ambaye injini yake iliungua kwa sababu gasketi iliwekwa kinyume. Ada hiyo ilivumilika kwa lori la tani saba. Haivumiliki kwa gari la mgodi kama Caterpillar 797F, linalobeba tani 363 kwa safari moja, lenye matairi ya kimo cha mita nne.

Upande wa usalama pingamizi hilo linapungua nguvu zaidi. Presha ya haidroliki kwenye kijiko hufika bar 350. Hosi ikitoboka tundu dogo kama ncha ya sindano, mafuta yanayotoka yanaweza kupenya ngozi na kuingia mkononi mwa fundi aliyekuwa anapapasa kutafuta panapovuja. Jeraha linaonekana dogo, pengine alama nyekundu tu, na maumivu ya mwanzo yanaweza kuwa madogo. Ndani mafuta yanaua nyama, na mtu asipofanyiwa upasuaji haraka anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Mwanafunzi hufundishwa kutafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi, asitumie kiganja kamwe, na hufundishwa kumwambia daktari wazi kwamba aliingiwa na mafuta ya presha, kwa kuwa daktari asiyeambiwa anaweza kufunga bandeji na kumruhusu arudi nyumbani. Hufundishwa pia kwamba injini kuzimwa hakumaanishi mtambo umelala: akyumuleta bado imeshika presha, ndoo iliyo juu bado inataka kushuka, na springi ya kukaza mnyororo bado imebana kwa nguvu ya kutisha. Marekani ilitoa kanuni ya kitaifa ya kufunga vyanzo vya nguvu kwa kufuli na kuweka lebo kabla ya matengenezo mwaka 1989, baada ya mashine kuua wengi waliokuwa wakizitengeneza. Mambo ya namna hii hayafai kujifunzwa kwa uzoefu, kwa sababu uzoefu wenyewe ndio ajali.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa. Mtambo una kompyuta, wanasema, na kompyuta inajitibu: unachomeka kifaa, inakupa namba ya hitilafu, unabadilisha ilichotaja. Fundi wa nini tena? Tuchukue namba moja inayofahamika. Katika utaratibu wa J1939, namba 100 ni presha ya oili ya injini, na alama 1 inayoifuata humaanisha kipimo kiko chini ya kawaida kwa kiwango cha hatari. Kompyuta imesema kweli, lakini imesema kile tu ilichoambiwa na sensa. Huenda sensa imekufa. Huenda plagi yake imeingia maji na volti zimepotea njiani. Huenda oili yenyewe imekuwa nyepesi kwa sababu nozeli moja inavuja na kumwaga dizeli kwenye sampu. Huenda valvu ya pampu ya oili imekwama wazi. Na huenda beringi za krankishafti zimelika, na kila dakika injini inayozunguka inakaribia kifo chake. Namba ni ileile kwa visa vyote hivyo. Anayebadilisha sensa na kufuta namba, kisha akamrudisha dereva kazini, amecheza kamari na injini ya mtu. Anayejua kazi hufunga geji ya mkono pembeni ya sensa ili apate shahidi wa pili, hunusa oili, huchukua sampuli na kuipeleka maabara, ambako madini yaliyomo husimulia yaliyotokea ndani: shaba nyingi huelekeza kwenye beringi na bushi, silikoni huelekeza kwenye vumbi lililopita kichujio cha hewa, sodiamu na potasiamu hutilia shaka maji ya rejeta. Kompyuta imeongeza kazi ya akili, kwa sababu sasa fundi anapaswa kuelewa mashine na pia kuelewa jinsi mashine inavyojieleza na mahali inapoweza kujisemea uongo bila kujua. Daktari aliyepewa kipimajoto hakuacha kusoma udaktari.

Wako wanaokubali yote hayo na bado wanalalamikia masomo ya jumla. Insha na hesabu za aljebra zinamhusu nini mtu wa grisi? Swali hili lina umri mrefu Marekani. Mwaka 1915 mwanafalsafa John Dewey na David Snedden, aliyekuwa mkuu wa elimu wa jimbo la Massachusetts, walijibizana katika jarida la The New Republic. Snedden alitaka elimu ya ufundi isimame peke yake na imwandae mtu kwa kazi mahususi kwa ufanisi mkubwa iwezekanavyo. Dewey aliona hatari ndani yake: mfanyakazi aliyefunzwa kukitumikia kiwanda kama kilivyo leo, bila uwezo wa kukielewa wala kukibadilisha. Miaka miwili baadaye sheria ya Smith-Hughes ilileta fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya ufundi, na utaratibu wake ulielemea upande wa Snedden, ukaacha ukuta kati ya wanaosoma kwa kichwa na wanaosoma kwa mikono. Naamini Dewey alikuwa na haki, na mtambo mzito ndio unaomtetea vizuri kuliko kitabu chochote. Mashine ambayo Snedden angemwandalia mwanafunzi wake haipo tena. Mwaka 1915 trekta la minyororo lilitumia petroli, na vifaa vya kusukuma udongo vilivyokuja kufungwa kwake viliinuliwa kwa kamba. Caterpillar ilianza kuuza trekta la dizeli mwaka 1931. Baadaye haidroliki ikazifuta kamba, elektroniki ikafuata, na sasa betri zinaingia kwenye vijiko vidogo na magari ya migodini. Aliyefundishwa mashine moja alizeeka pamoja nayo. Aliyefundishwa presha, joto, msuguano, volti na jinsi ya kusoma kitabu kigumu peke yake alihama nazo zote. Na kuhusu insha: ripoti ya fundi ndiyo msingi wa dai la waranti. Mtengenezaji halipi kwa maneno ya mdomo; anataka kusoma mteja alilalamikia nini, fundi alipima nini, alikuta nini, na kwa nini akakata shauri alilokata. Kazi iliyofanywa vizuri na kuandikwa vibaya inaweza kukosa malipo.

Pingamizi la gharama ni la haki, nalo linahitaji hesabu. Katika mwaka wa masomo 2023/24 wastani wa ada iliyotangazwa na vyuo vya umma vya miaka miwili Marekani, kwa mkazi wa eneo la chuo, ulikuwa karibu dola 4,000 kwa mwaka, dhidi ya zaidi ya dola 11,000 katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Ruzuku ya Pell, inayotolewa kwa wenye kipato kidogo na kufikia dola 7,395 kwa mwaka huo, inaweza kuifunika ada hiyo na kubakisha. Waswahili waliohamia huko na kupata ukazi wa kudumu, wakiwamo wengi kutoka Kongo walioko Iowa na Kentucky, wanaruhusiwa kuiomba, na ningependa walijue hilo kabla hawajazoea kazi za usiku za viwanda vya nyama. Kinachosahaulika ni zana. Mwanafunzi hutakiwa kununua za kwake mwenyewe, na seti ya kuanzia hugharimu maelfu ya dola, hata kwa punguzo la wanafunzi. Anayekuja kutoka nje na viza ya masomo hulipa ada kubwa zaidi na hapati ruzuku hiyo. Kwake hesabu hubadilika kabisa, na sioni sababu ya kumshawishi asafiri kwa ajili ya shahada hii pekee. Pia ni kweli kwamba sheria haimlazimishi mtu kuwa na shahada ili atengeneze mitambo Marekani, na wengi wameingia kazini na cheti cha sekondari tu. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo inakiri hivyo, huku ikieleza kuwa waajiri wanazidi kupendelea waliosoma kwa sababu ya ugumu wa mitambo. Malipo ya kati ya kazi hii yamepita dola 55,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Tofauti kati ya aliyesoma na asiyesoma haionekani sana mwaka wa kwanza, wakati wote wawili wanabadilisha oili. Inaonekana wakati wa kugawa kazi: nani anapewa mtambo ambao wengine wawili wameshindwa.

Kuna dosari moja ambayo siwezi kuitetea. Mpango unaodhaminiwa na kampuni moja unaweza kumfunga mwanafunzi kwenye rangi moja ya mtambo. Anajifunza programu ya kampuni hiyo, vitabu vyake, utaratibu wake wa majaribio, na akihamia kwa mshindani anajikuta mgeni. Zaidi ya hapo, kampuni zilezile zinazodhamini masomo zimekuwa zikibana programu za uchunguzi zisiwafikie wakulima na mafundi huru. Jambo hili limezua mgogoro mkubwa. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya haki ya kutengeneza zana za kilimo, ikaanza kutumika Januari 2024, na mwezi Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki John Deere mahakamani kuhusu vizuizi vya matengenezo. Chuo cha umma kinachopokea mitambo ya bure kutoka kwa kampuni kina wajibu wa kujiuliza kinamtumikia nani. Jibu langu ni kwamba kanuni zifundishwe kwanza, bila chapa, na programu ya kampuni ije baadaye kama mfano wa kanuni hizo. Mwanafunzi anayechagua chuo anaweza kulipima hili kwa kusoma orodha ya masomo ya muhula wa kwanza. Akiona haidroliki na umeme vimepewa saa nyingi kabla jina la kampuni halijatajwa, yuko mahali pazuri.

Mitambo yenyewe haina uraia. Caterpillar iliyoko Geita ni ndugu wa iliyoko Nevada, na wakala mmoja, Mantrac, anazihudumia Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania ina stashahada ya ngazi ya sita, iliyo jirani na shahada ya miaka miwili ninayoizungumzia. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kinaitoa katika fani ya mitambo mizito, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ikishirikiana na kampuni za madini ilianzisha huko Moshi mafunzo ya mafundi wa migodi yanayochanganya chuo na kazi. Kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri. Tunachokabiliana nacho, na ambacho mwanafunzi wa Illinois hakioni, ni mtambo uliotumika nje na kuletwa kwetu ukiwa na mifumo ya kusafisha moshi iliyotengenezwa kwa mafuta tusiyokuwa nayo. Dizeli ya mitambo Marekani ilishushwa hadi sehemu 15 za salfa kwa milioni mwaka 2010; Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifika sehemu 50 mwaka 2015. Hatua yetu ni ya kupongezwa, ila kichujio cha masizi na kichocheo kilichobuniwa kwa 15 huteseka kwa 50, na zaidi kwa mafuta yaliyochanganywa njiani. Matokeo yake yako barabarani: kichujio kimekatwa, sensa zimedanganywa kwa waya, injini haijui tena inachoma nini, na namba za hitilafu zimejaa kwenye kioo mpaka dereva hazitazami. Fundi anayeitwa kuutengeneza mtambo kama huo hana kitabu kinachofanana nao, kwa sababu umeacha kuwa kile kilichotoka kiwandani. Amebaki na kanuni tu. Ndiyo maana nadhani sisi tunahitaji elimu ya kutafuta chanzo kuliko hata Wamarekani, ambao wakikwama wanaweza kumpigia mtengenezaji simu na kupata jibu kabla ya jioni.

Hapo linakuja suala la mitihani, ambalo kwangu ndipo pa kuanzia mageuzi yoyote, kwa kuwa mwanafunzi husoma kile atakachopimwa. Mtihani wa vitendo unaomtaka afungue injini na kuifunga kwa mpangilio unapima mikono na kumbukumbu. Walimu wengi wa fani hii Marekani hufanya jingine: hupanda hitilafu kwa siri kwenye mtambo mzima. Huchomoa pini moja ndani ya plagi, huweka fyuzi iliyoungua mahali pa nzima, hulegeza skrubu ya valvu ya presha, kisha humkabidhi mwanafunzi malalamiko ya dereva yaliyoandikwa kwenye karatasi. Chuo chochote chenye mtambo mmoja mkongwe unaowaka kinaweza kufanya hivyo, na gharama yake ni muda wa mwalimu. Ninachoongeza ni namna ya kusahihisha: kabla ya kila kipimo mwanafunzi aandike anatarajia kuona nini na kwa nini amechagua kipimo hicho kwanza, na alama nyingi zitolewe hapo. Atakayeibahatisha pini kwa kutikisa waya asipate alama sawa na aliyeifikia kwa hatua nne zenye sababu, hata kama wa kwanza amewasha mtambo dakika kumi mapema.